Gari Tulilounda Uani Nyegezi

Vijana wangu mnaokimbiza magari kule njia ya Misungwi, mara nyingi mmenijia hapa uani kuniuliza siri ya injini yenye nguvu. Mnafika na simu zenu, mnanionyesha picha za injini zinazong'aa kama masufuria ya arusi, kisha mnauliza, "Bibi, yetu tukiifanya hivi itapaa?" Mimi nawajibu kwa mkato, mnaondoka mkinung'unika kwamba bibi ana roho mbaya. Sina roho mbaya. Nimezoea tu kuzungumza nikiwa nimeshika kazi, na mtu aliyeshika kazi hana maneno mengi. Sasa mikono imepumzika, nimeona niwaandikie.

Nilifanya kazi katika karakana moja ya kukereza vyuma kule Igogo tangu nikiwa msichana hadi mvi zilipojaa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusaga krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni ndani ya injini. Zililetwa za malori, za mashine za kukoboa mpunga, za boti za wavuvi. Mteja alikuwa akiingia, ananitazama nimesimama mbele ya mashine na ovaroli langu, kisha anauliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikajifunza kujibu, "Ametoka kunywa chai, kaa hapo." Anakaa. Namaliza krenki yake, naifuta, naipaka oili, namkabidhi. Wengine waliondoka bado wanamsubiri fundi arudi kutoka kwenye chai.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbaraka, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, na alikuwa na sheria moja ya ajabu: alinikataza kukata ukucha wa kidole gumba. "Ukikata huo, umekata kipimo," alisema. Kila krenki iliyotoka mashineni ilipimwa kwanza kwa maikromita, halafu anafumba macho na kupitisha ukucha juu ya chuma, polepole, kutoka upande huu hadi huu. Ukucha ukikwama hata kidogo, krenki inarudi mashineni. Nilimwuliza kwa nini anafumba macho wakati taa ipo. Akasema macho yana tabia ya kuona kile unachokitamani, na fundi aliyechoka hutamani kwenda nyumbani.

Msinielewe vibaya. Sisemi mambo ya zamani yalikuwa bora. Tulikuwa tunanawa mikono kwa petroli mpaka ngozi inachunika, tunapuliza vumbi la breki kwa midomo yetu wenyewe, na wenzangu kadhaa walikufa na vifua vibovu. Nyinyi mna glavu, mna kompyuta ya kuuliza gari linaumwa wapi. Vitumieni. Ila ukucha mmoja uacheni.

Sasa nije kwa gari mnaloliulizia, hilo la kijivu lililo chini ya turubai.

Nina pacha wangu, anaitwa Doto. Mimi ni Kulwa, kwa hiyo mnajua nani alitangulia kutoka, na nimemkumbusha jambo hilo maisha yake yote. Doto alikuwa dereva. Ameendesha mabasi ya kwenda Bukoba wakati barabara ni tope tupu, ameendesha malori ya pamba, na uzee ulimkuta akiendesha lori la saruji la tajiri mmoja, kutoka hapa Nyegezi kwenda Misungwi na kurudi. Mwaka ule niliostaafu, alipita siku moja kwenye mashindano yenu akasimama kutazama. Jioni akaja kwangu, akakaa, akakataa hata chai.

"Kulwa," akasema, "maisha yote nimeendesha gari la mtu mwingine, na mzigo wa mtu mwingine, kwa mwendo anaoutaka mtu mwingine. Nataka gari moja tu ambalo nimelifunga mwenyewe. Niliendeshe nitakavyo, hata kama ni siku moja."

Nikamwambia amezeeka vibaya. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani muda wa kutosha kuanza kuhesabu kuku wa jirani, na mikono ilikuwa inawasha. Tukaanza.

Bodi ilikuwa ya gari dogo la saluni la zamani tuliyoikuta nyuma ya gereji Misungwi, kuku wametaga ndani. Kabla ya kuku, gari hilo lilibeba dagaa miaka mingi. Doto alipoanza kuchomelea sakafu, joto lilifufua mafuta ya dagaa yaliyoingia kwenye kila kiungo, na harufu ya kikaango ikaenea mtaa mzima. Paka wa Nyegezi nzima walikuja wakakaa juu ya ukuta kusubiri chakula. Jirani yangu aliuliza kama nimefungua mgahawa.

Tuling'oa viti vya nyuma, zulia, vioo, kila kisicho na kazi, maana gari la mashindano uzito ndio adui yake. Ndani tukajenga kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva gari likipinduka. Hapa andikeni: bomba ukilikunja likiwa tupu, linabonyea kwenye kona na hapo ndipo litakapovunjika siku ya ajali. Lijaze mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili, lipashe moto, ndipo ukunje. Doto alikuwa anajua hilo kuliko mimi. Injini tuliitoa kwenye pikapu ya samaki, nayo ikawa yangu. Nilipanua silinda, nikasaga krenki. Ilikuwa imeshasagwa mara kadhaa na wengine kabla yangu. Nilipomaliza, ilibakiza chuma cha kusagwa mara moja zaidi tu, baada ya hapo ni chuma chakavu.

Kabla sijaifunga, nikapata taarifa ya msiba Nansio. Nikapanda feri kwenda kuzika, nikamwachia Doto kazi ya kuosha bloku. Bloku, kwa wasiojua, ndiyo mwili wa injini, na ndani yake kuna njia nyembamba za kupitisha oili, kama mishipa ya damu. Nilimwelekeza vizuri: toa vizibo vyote, osha kwa maji ya moto na sabuni, pitisha brashi katika kila njia, mulika tochi upande mmoja na chungulia upande wa pili, kisha pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Doto akaitikia kila neno.

Nilikuta kazi imekwisha. Bloku imepakwa oili, vizibo vimeshagongelewa, mwenyewe amevaa shati safi kama mtu anayesubiri sifa. "Nimemulika kila tundu," akasema. "Safi kabisa." Nikafunga injini. Tulipoiwasha mara ya kwanza ilinguruma vizuri mno, Doto akacheka kwa sauti, akapiga paa la gari kwa kiganja. Kisha nikasikia chuma kikigonga ndani, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlango kwa fundo la kidole. Nikapiga kelele azime. Ilijizima yenyewe.

Nilipofungua, beringi zilikuwa zimelimika kama shamba la ng'ombe wa plau. Krenki imechubuka. Na katika njia za oili, mchanga. Laini, mweupe, na magamba madogo ya dagaa yanayong'aa.

"Uliosha wapi, Doto?"

"Maji ya bomba yalikatika," akasema. "Nikaipeleka ziwani kwa mkokoteni. Niliisugua vizuri, nikaianika pale kwenye mawe."

"Pale wanawake wanapoanika dagaa?"

"Jua ni lilelile, Kulwa."

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo. Lakini kuna kitu kilinizuia. Mchanga ule haukuwa wa kutafuta. Ulikuwa umejaa pale, mtoto angeuona. Nikachukua kitambaa cheupe, nikamwaga mchanga na magamba katikati yake, nikamwekea mapajani, juani, saa sita mchana.

"Unaona nini hapo?"

Akainamisha kichwa. Akakigeuza kidogo, kama kuku anayetazama punje.

"Kitambaa," akasema.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka uliopita. Pembeni palianza kufifia, akadhani ni uchovu, kisha hata mbele pakaanza kuwa kama anatazama kupitia chandarua. Hakuwa amemwambia mkewe, wala tajiri wake. Akakikunja kitambaa, akanirudishia, akaniaga. Kesho yake alfajiri alipanda lori la saruji kama kawaida.

Siku hiyo nilitoka kwenda kusimama barabarani karibu na stendi. Lori likaja. Nikamwona Doto juu, mikono miwili kwenye usukani, shingo imenyooka. Nikapunga mkono. Nikapunga wote miwili. Alipita karibu nami kiasi kwamba upepo wa lori ulinivua mtandio, na hakugeuka. Mbele yake, watoto wa shule walikuwa wanasubiri kuvuka. Walivuka salama, kwa sababu mwalimu wao alisimama katikati ya barabara na kitambaa chekundu. Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa tajiri wake. Nilifika hadi mlangoni kwake, nikarudi. Ninamjua pacha wangu. Dereva aliyenyang'anywa usukani hutafuta usukani mwingine, na Misungwi hakukosi mwenye lori asiyeuliza maswali. Nilitaka autue mwenyewe. Nikajipa mpaka mwisho wa wiki. Akikataa, ningerudi kwenye ule mlango na kugonga.

Alipokuja jioni akiwa na beringi mpya mkononi, alinikuta nimeifunika injini kwa turubai na kuifunga kwa kamba.

"Sifungi hata nati moja," nikamwambia, "mpaka uache lori."

"Nitaacha. Gari hili likitembea tu, naacha. Naapa."

"Utaacha kwanza."

"Kwa hiyo unataka nikae mikono mitupu? Wewe umestaafu kwa sababu ulitaka!"

"Na wewe unataka kustaafu siku ukimkanyaga mtoto wa mtu?"

Akaniangalia, au akatazama upande nilikokuwa. Akaziweka beringi chini, taratibu, akaondoka. Mapacha tuliolala tumbo moja tukanuniana. Alipita barabarani na lori akipiga honi kwa makusudi mbele ya lango langu, nami nikageuza kiti nikatazama ukuta.

Kwetu Usukumani mapacha wakigombana ndugu hawapati usingizi. Habari zikafika kwa shangazi yetu wa Misungwi, bibi kikongwe aliyetuogesha tukiwa wachanga. Alikuja kwa bodaboda, amembana dereva kiunoni kama anayemkamata mwizi. Akamwita Doto, akatukalisha kwenye mkeka mmoja, akaagiza maji katika kata moja tunywe wote.

"Mwangaluka," akatusalimia kwa salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana. Tukaitikia. "Nimesikia mmenuniana. Kama mlitaka kununiana mngeanzia tumboni, mkanipunguzia kazi ya kuosha wawili. Haya, kosa la nani?"

Doto akasema, "Shangazi, macho yangu yanakwisha."

Hakuwa amelitamka neno hilo kwa mtu yeyote kwa hiari yake. Shangazi hakulia wala hakumpa pole. Alinyoosha mkono akamshika kidevu, akamgeuza usoni kwake kama anavyoshikwa mtoto mwenye tongotongo.

"Mimi unaniona?"

"Kidogo, shangazi."

"Na ng'ombe akikatiza barabara?"

Machozi yakamtoka Doto. Nililia pia, sioni haya kuwaambia. Tukakunywa yale maji.

Keshokutwa yake niliamka nikamkuta amekaa kwenye tofali mbele ya lango. Sikusikia lori wala pikipiki. Viatu vyake vilikuwa na vumbi hadi kwenye kamba.

"Umekujaje?"

"Kwa miguu," akasema. "Funguo za lori amebaki nazo mwenyewe."

Nilikwenda kuikata ile kamba ya turubai. Lakini sikuanza injini siku hiyo. Tulikwenda hospitali kwanza. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichoondoka hakirudi, na matone yatalinda kilichobaki kwa muda. Doto akashukuru, akauliza muda gani. Daktari akasema ukweli, kwamba hajui.

Hapo ndipo tulipounda injini kweli. Krenki ile ilikuwa na nafasi moja tu, nikarudi karakana ya zamani nikaomba mashine, nikaisaga. Watu walidhani nitaharakisha, maana macho ya Doto yalikuwa yanaondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Sikuharakisha. Injini iliyofungwa kwa huruma hugonga sawa na iliyofungwa kwa uzembe. Bloku niliiosha mwenyewe, kwa maji ya moto, mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Doto akawa na kazi zake. Valvu alizikalisha yeye: unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo, unashika kijiti chenye mpira, unakipekecha kati ya viganja kama anayewasha moto wa kienyeji. Mwanzoni sauti hukwaruza, kisha hulainika, kisha hunyamaza. Wengi wenu huacha inapolainika. Doto alisubiri ukimya. Na krenki ilipotoka mashineni nilimpa yeye. Akapitisha ukucha polepole, akarudia, akasema, "Imelala." Nati za kichwa cha silinda tulizikaza pamoja, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, mimi nikisoma spana ya kipimo na yeye akivuta.

Tulipomaliza, alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga na kivuli.

Baadhi yenu mlikuwepo asubuhi ile. Mlitupisha uwanja wenu wa changarawe, mkasogeza matairi mliyoyapanga kwenye kona, mkasimama mbali. Najua mlichosema baadaye: gari lina injini nzuri, ila wazee wanalitembeza kama jeneza. Mliyaona kutoka nje. Niwaambie ya ndani.

Nilimfunga Doto mikanda, nikazunguka nikakaa kushoto kwake. Akapapasa usukani wote, gia, akapima klachi kwa mguu. Akawasha. Injini ikapokea mara moja, ikatulia, haikugonga. Alikaa akiisikiliza mpaka nikadhani ameghairi. Kisha akatia gia ya kwanza.

"Niambie, Kulwa."

"Nyoosha. Nyoosha hivyohivyo. Kulia kidogo. Rudisha."

Tulizunguka uwanja mzima kwa gia ya kwanza na ya pili, mimi nikisema, yeye akigeuza. Jasho lilimtiririka shingoni. Mzunguko uliofuata aliacha kukunja mabega. Nilianza kusema "kulia" naye ameshaanza kugeuza, ameukariri uwanja kwa makalio yake, kama madereva wa zamani walivyokariri mashimo ya barabara ya Bukoba. Tukafika kwenye ule mnyoosho mrefu wa upande wa mashambani.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Doto. Ni uwanja mtupu."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Ni kweupe. Nenda."

Akakanyaga. Akaingiza ya tatu, nami nikabanwa kwenye kiti, kokoto zikapiga sakafu kama mvua ya mawe kwenye bati. Niliogopa, lakini sikumwambia apunguze. Nilimtazama usoni. Alikuwa amefumbua macho wazi kabisa, na uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyekwenda kufanya mtihani wa leseni akiwa na suruali ya kuazima. Hapo ndipo mliposema tulikwenda polepole, wanangu. Kwa Doto ule ulikuwa mwendo wote uliokuwapo duniani.

"Anza kupunguza," nikasema. "Pole. Pole. Breki."

Tukasimama. Akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ipumue kidogo, halafu akazima. Vumbi lilitupita likaenda mbele. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, na nikajua kwamba akiuachia hataushika tena. Yeye pia alijua.

"Haya, abiria," akasema, kwa ile sauti ya kwenye mabasi. "Tumefika. Angalieni mizigo yenu."

Nilikuwa abiria peke yangu. Nilifungua mkanda wangu, nikafungua mlango.

"Asante, dereva," nikamwambia, nikashuka.